Mthamini wa Bunduki

Waliniita Kijura kwa sababu macho yangu
yamezeekea ndani ya mitutu.
Miaka thelathini na mmoja, ghala la polisi, Fort Portal,
nikihesabu, nikipaka mafuta, nikitia saini.
Siku hizi nalipwa nauli na chai ya maziwa
kumwambia mtu chuma chake ni shilingi ngapi.

Mnunuzi, Bwana Tibenderana, katoka Kampala
na viatu visivyolijua tope la mashamba ya chai.
Mkobani ana kibali, muhuri bado mbichi.
Mwuzaji ni Kabasinguzi, mjane; sisi humwita Akiiki.
Leseni ilizikwa na mumewe. Mwisho wa mwezi
bunduki iwe imeuzwa, au iende kituoni.

Imelala mezani juu ya kitambaa cha kufuma.
Ya marisau. Mitutu miwili,
si bega kwa bega kama maksai wa plau,
bali mmoja mgongoni mwa mwenzake,
mtoto na mbeleko.

Naifungua bawabani. Inakubali polepole,
kwa uzito, kama mlango wa kanisa.
Naifunga: klak. Moja tu.
Hapo bei inapanda.

Nambari ya mitutu na ya mtambo ni ileile.
Lakini gao la mbele, pa kushikia, halina nambari;
mbao yake ni mvule, kazi ya randa ya hapahapa.
Hapo bei inashuka.

Ubavuni pana nakshi ya ndege mwenye mkia mrefu.
Si kanga, si kwale.
Aliyemchonga hakuwahi hata kuiota Tooro.

Nachungulia. Mtutu wa juu ni kioo.
Wa chini una vidonda vitatu vya kutu.
Ni kawaida: wa chini hutangulia kulia,
wa juu husubiri kosa.

Kisha kitako. Kimekatwa
inchi moja na nusu, msumeno umeyumba.
“Wameiharibu,” Tibenderana ananong'ona,
na kanuni ya kazi iko upande wake.
Naandika: kitako si kamili, toa robo.

Akiiki anamimina chai.
“Alikikata kwa ajili yangu. Mkono wangu haukufika.
Alilazwa Virika miezi miwili, mwaka ule wa nguruwe mwitu.
Mihogo ningeilinda na nini, na sufuria?”

Sikujibu. Nikaibandua mitutu,
nikaining'iniza kwa kidole kidogo, nikaigonga kwa ukucha.
Kama risasi iliyoiunga imelegea, hutoa sauti ya debe.
Hii iliimba, ikaendelea kuimba
hata Tibenderana akasahau kupuliza chai yake.

Uani mbwa mzee akainuka.
Akaja mpaka kizingitini, akatutazama mmoja mmoja,
mkia ukianza, ukiacha, ukianza.
“Marehemu akimaliza kuisafisha huigonga hivyo,” alisema Akiiki,
“kisha humpa mbwa ukoko.”
Fomu yangu haina safu ya mambo hayo.

Walikubaliana milioni tatu na laki mbili.
Alizihesabu akilamba kidole, mara mbili,
akatia saini kwa herufi kubwa za darasa la nne.

Nilipotoka kwa mlango wa jikoni nikakiona:
kipande cha mti wa jozi, rangi ya asali iliyoungua,
bamba lake la chuma bado limekazwa kwa skrubu mbili,
kimechomekwa chini ya mlango usijifunge.
Ile inchi na nusu.

Fundi hodari angekirudisha, mshono usionekane.
Robo ya bei, hapo chini, inalinda mlango na upepo.

Nikamwinamia Akiiki, nikamwambia kwa Kitooro,
taratibu, mnunuzi asisikie.
Akacheka hadi akashika ukuta.
“Na mlango, Amooti, utashikwa na nani? Wewe?”

Tibenderana alikuwa tayari ndani ya gari, akipiga honi.
Nilikiruka kile kipande, nisikiguse,
na mbwa akanifuata mpaka barabarani,
akinusa ukucha wangu.