Kumsukuma Kania

Mechi saba, pointi moja.
Na hiyo moja tuliipata kwa ukungu:
refa hakuuona mstari, sisi hatukuliona goli,
tukaambiwa ni sare, tukashangilia kwa kuamini tu.

Leo tumechapwa tatu bila, nyumbani, hapa Rudnica,
mji wa makaa ya mawe uliobakiwa na jivu.
Februari imening'iniza barafu masharubuni mwa Ewald.
Tumejibana kibandani kwa Bronka, nyuma ya jukwaa,
supu ya maharage inatokota, miwani imejaa mvuke,
na kesi imeshafunguliwa, hakimu hayupo.

"Aende," akasema Ewald. "Leo. Kabla supu haijapoa.
Beki wa kushoto anacheza kama mtu
aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.
Ukikosea mara moja, bahati mbaya.
Ukikosea mara saba, ndiyo kazi yako hiyo."

Gerard hubishana hata na saa ya ukutani.
"Mpishi apike nini? Straika wamemuuza Novemba,
wakanunua taa za uwanja.
Sasa tunaona vizuri tunavyofungwa."

Tukacheka, kile kicheko cha matangani,
kinachopitia puani.

Tymek, miaka kumi na saba, ana takwimu kiganjani:
pasi mia nne na kumi, mashuti mawili.
"Mpira tunautunza kama yai," akasema,
"halafu tunawapelekea wenye kikaango."

"Mlimleta nyinyi," Bronka akadakia, mwiko juu.
"Juni mlimbeba mabegani, papo hapo mliposimama,
mkanivunjia mabakuli matatu.
Sijalipwa hata kigae."

Alojz alikuwa kimya, anamenya mkate kwa vidole
visivyotakata tangu ujana.
"Mgodini nako walisema sura mpya.
Wakurugenzi wanne kwa miaka miwili,
kila mmoja na tai yake.
Wa tano lilikuwa kufuli."

"Mgodi si mpira, Alojz."

"Kweli. Mgodini tukishuka asubuhi,
jioni tulipanda."

Hapo kijiko cha mtu kikaanguka,
na hakuna aliyeinama kukiokota.

Wakaniuliza mimi, bawabu wa lango la tatu.
Nikasema: tungoje mechi ya nane.
Wakanizomea, na haki yao;
mechi ya nne nilisema tungoje ya tano.

Ndipo tukasikia gari likikohoa.
Likakohoa tena. Likanyamaza.
Kule nje Kania, peke yake, koti la klabu wazi kifuani,
anakwangua barafu kiooni kwa kadi ya maktaba.
Alitutazama. Sisi tukatazama supu.

Wa kwanza kutoka alikuwa Ewald.
Hakumsalimu. "Tia gia ya pili," akamwambia,
akaweka viganja viwili nyuma ya lile gari la bluu,
nasi tukaweka vyetu, Bronka na aproni yake.
Moja, mbili, viatu vinateleza,
Gerard anateta kwamba tunasukuma upande,
na Ewald, shavu limegusa bati, anapiga kelele:
"Kwa nini! Humchezeshi! Yule dogo! Kati?"

"Goti!" sauti ikatoka dirishani.

"Goti gani?"

"La kulia!"

Kwenye mteremko wa lango la tatu injini ikashika,
ikatutemea moshi usoni.
Honi mbili fupi, taa mbili nyekundu,
kisha barabara ya Katowice ikammeza.

Tukabaki tumeshika viuno, tunahema.
"Goti," akasema Ewald. "Mtu angetuambia habari ya goti."

"Kwa hiyo abaki?"

"Nani kasema abaki? Aende."
Akapangusa viganja kwenye suruali.
"Ila Jumamosi... goti huchukua siku ngapi?"

Tymek akaanza kutafuta simuni.
Tulipoingia ndani supu ilikuwa imepoa.
Bronka akawasha moto tena, hakuuliza mtu.