Vifungo vya Mgongoni

Miaka arobaini na mmoja nimeshona Ngamiani,
Barabara ya Nane, cherehani ya miguu,
na kipimo chako, Mwantumu, sikukiandika daftarini.
Bega, kifua, kiuno, nyonga:
nilikihifadhi kama Kulhuwallahu.

Juzi nimekushonea gauni la vifungo mgongoni,
kumi na viwili, vidogo, vya kukaza,
pale mkono wako usipofika.
Daktari wa Bombo hakunifundisha hilo.
Alisema tu, "Si tabia, mzee, ni ugonjwa,"
akaandika vidonge, akaita mwingine.

Nilibuni mwenyewe, usiku ule
baada ya kijana wa gesi kusimama ukumbini,
mtungi begani, macho darini,
nawe kanga umeiacha sakafuni
unamwambia, "Pita ndani, mbona umechelewa?"
Wewe!
Uliyekuwa ukizima taa kwanza
kisha ukanambia nigeukie ukuta.
Uliyenizalia watoto watano gizani
na asubuhi ukanimiminia chai
kama mgeni aliyefika na basi la alfajiri.

Kijana aliondoka bila chenji yake.
Nikamfuata hadi kwa muuza kahawa.
Nilitaka kusema: mke wangu anaumwa.
Nikasema, "Mtungi ule hauvuji?"

Riziki amepunguza kuja.
Akija, wanawe huwaacha kwa Mama Bakiza.
Simlaumu; kuna mlango wa wazazi
ambao mtoto hataki kuukuta wazi.
Majirani nao wamesema ya kwao: pepo,
mara umerogwa na waliokukosa zamani.
Mmoja akaleta kombe unywe.
Ukalimwaga kwenye mchicha.
Mchicha umestawi.

Mchana nahimili.
Usiku ndio.

Usiku mkono wako unakuja, wa moto,
unanitafuta usivyonitafuta ujanani,
na mwili wangu, mzee huyu asiye haya,
unaitika kabla yangu.
Ndipo unaponinong'oneza:
"Upesi, fundi. Mume wangu yu dukani.
Asijue. Ni mtu mwema."

Nilikaa kitako nikacheka, nikalia,
sijui kipi kilitangulia.
Mgoni, mimi,
juu ya kitanda nilichokinunua kwa malipo ya sare za shule.
Wewe somo wako alikufunda siku saba.
Mimi nani aliyenifunda?
Nikikukubalia, namwibia nani?
Nikikukatalia, namtunzia nani?
Sikumuuliza shehe.
Niliogopa atakuwa na jibu.

Tangu hapo nalala jamvini, ukumbini,
mlango wazi nikusikie.
Saa nne hivi unakuja, unanipa mgongo.
"Nifungue, fundi. Joto."
Nawasha taa. Nafungua kimoja kimoja,
toka shingoni, taratibu,
kama nifumuavyo nguo ya mteja
ambaye yupo, ananitazama.

Chini ya bega la kushoto una baka,
jeusi, umbo la punje ya kunde.
Nimelijua kwa kidole ujana wote.
Sikuwahi kuliona.

Nakuvika gauni la kulalia,
navyo vifungo vyake mgongoni.
Unageuka, unajipangusa mabega.
"Bei gani, fundi?"
"Amekwishalipa mumeo."
Unatikisa kichwa, unacheka kidogo.
"Ndivyo alivyo," unasema. "Hapendi deni."