Jiwe la Wapi

Saa tisa usiku. Dirisha la dharura
linatazama taa za Mwaloni kule chini,
wauza dagaa wako macho kama mimi.
Nina kalamu mbili, moja imekauka.
Nina viti sita na watu tisa
na karibu wote wameshika kifua.

"Kinauma wapi?"
Hapo ndipo kazi inapoanza
na hapo ndipo lugha inaponitoroka.
Kwetu moyo huuma mtu akifiwa,
huuma akikopesha asilipwe,
huuma mwana wa Geita asipopiga simu.
Na chembe cha moyo ni tumbo, wala si moyo.
Basi napepeta, kama mchele wenye chuya:
Yalianza lini? Ulikuwa ukifanya nini?
Yamekaa hapo hapo, au yanatembea?
Bega? Mkono? Taya?
Ukivuta pumzi yanachoma, au hayajali?

Mji wenyewe umekaa juu ya mawe,
kwa hiyo kila mtu hunijibu,
"Sista, kama jiwe limenilalia."
Nami huuliza, jiwe la wapi?
La Igogo, lenye nyumba mgongoni na kamba ya nguo?
Au lile la majini
ambalo kila siku linataka kudondoka, halidondoki?
Wengine hucheka. Zamani, aliyecheka nilimrudisha nyuma ya foleni,
mpaka Daktari Rwegoshora aliponikanya:
kicheko si kipimo.

Masunga aliingia akipiga kelele.
Kuli wa magunia, shingo kama mti,
"Nakufa! Nakufa jamani, niiteni kwa jina!"
Dada yake alikisukuma kiti cha magurudumu,
gurudumu moja bovu, likivuta kushoto.
Nikambonyeza kwa kidole kimoja, kati ya ubavu na ubavu.
Akaruka.
"Jana ulibeba nini?"
"Saruji. Mifuko mia na ishirini."
Hata hivyo nikamwandika kwenye mashine. Sibahatishi.

Ndipo nikamwona dada mtu.
Amesimama tu, mkono ukutani.
Upepo wa ziwa ulikuwa unapita mlangoni,
sisi wengine tumevaa masweta,
yeye anajifuta paji kwa pindo la kanga,
anajifuta tena.
"Na wewe, mama?"
"Mimi mzima. Kiungulia tu, nilikula mihogo nikiwa nimesimama.
Na hili jino la chini, tangu jioni linanisumbua.
Mwangalie huyu kwanza."
"Fungua kinywa."
Akafungua, kwa aibu.
Upande ule hakuwa na jino.

Dakika kumi, ndivyo tulivyofundishwa.
Masunga nilimshusha kwenye kiti mwenyewe,
akanyamaza, mara ya kwanza usiku ule.
Nyanzobe binti Maganga, miaka hamsini na mitatu, Mabatini.
Jeli ya baridi, waya sita kifuani, nne miguuni na mikononi.
Karatasi ikaanza kutoka, miraba yake ya waridi,
na mstari ukapanda,
ukapanda, ukagoma kushuka.
"Tafuna hii. Usiimeze nzima, tafuna."
"Chungu."
"Najua."
"Na Masunga nani atamlipia?"
Daktari akaja mbio, kandambili miguuni,
hakuuliza jiwe la wapi.
Wakampeleka ghorofani, na kile kiti
kikivuta kushoto, kikigonga ukuta wa korido.

Kulipokucha, honi ya kivuko ikalia huko Kamanga.
Masunga alikuwa bado kwenye benchi.
Kwenye mapaja kaweka ndala za dada yake,
kazipanga sawasawa, kisigino kwa kisigino,
kama mtu anayelinda nafasi kwenye foleni.
Ghorofani hawajasema kitu.
Nilipita na kadi yake mkononi.
"Bado kinauma?"
Akafikiri.
"Kinauma, sista.
Ila si pale ulipobonyeza."

Kadi ina kisanduku cha mahali pa maumivu.
Niliishika kalamu, ile nzima,
nikakaa nayo kidogo.
Kisha nikaita mgonjwa aliyefuata.