Daftari la Stoo, Lanet

Buti jozi moja, soksi za sufu jozi nne,
sweta, koti la mvua, glavu, blanketi la kijivu.
Tia sahihi hapa. Itikise kalamu, wino umeganda,
na hii ni Nakuru tu, kabla ya jua.
Huko Elgon maji hugeuka kioo ndani ya chupa.

Wafula wa Bumula aliomba buti namba tisa.
Nikampa kumi: mguu ukilowa huvimba,
na soksi ya pili nayo yataka nafasi.
Mafuta ya bunduki nikayapima kwa kifuniko.
Yakizidi, baridi huyafanya uji
na risasi hukwama kooni.

Ndiema hakuomba kitu.
Alizaliwa juu kule, Chepkitale,
akachunga kondoo pekupeku juu ya sakitu,
akipasha nyayo pale ng'ombe alipoinuka.
Alizishika glavu kama mikono ya mgeni.
"Afande, huko tunakopanda ni kwetu."
Daftari halina safu ya kuandika hilo.

Wamerudi jana. Nahesabu.
Glavu zote za kulia zimekatwa kidole cha shahada.
Soksi zanuka moshi wa mianzi.
Blanketi la Ndiema halipo.

"Limepotea?"
Akatazama ukuta.
"Kuna mama mzee, afande. Tulipoichoma nyumba
alitoka na gunia tu mabegani."

Nimeandika: *limeungua*.
Nikapiga muhuri.
Mkaguzi hatauliza;
yeye hulala mjini, na dirisha lake lina pazia.