Nambari Themanini na Saba

Nilipiga simu Sacramento saa tatu asubuhi,
mkono mmoja una grisi ya pampu ya mzee Avedisian.
Karani alikuwa na mafua. Akaniambia, mama,
kujitoa unaweza, hata sasa hivi unaweza,
ila jina halitoki. Karatasi zimekwisha chapwa,
ziko kwenye malori.
Lurdes Bettencourt, nambari themanini na saba,
fundi pampu, Los Banos.
Juu yangu daktari wa meno,
chini yangu mpiga mieleka mstaafu.
Sote twataka kiti cha mtu mmoja
ambaye bado amekikalia.

Si kwamba nimempenda gavana.
Sahihi yangu imo katika ile fomu ya kumng'oa.
Niliitia nje ya duka la chakula cha mifugo,
mwezi wa Machi, upepo ukinipokonya kalamu,
kwa hasira za mwaka wa tatu bila mvua
na mwaka wa tatu wa hotuba.
Mwenye hasira huona kiti kitupu
hata penye mtu.

Ada ya kugombea niliipata kwa kuuza trela.
Kaka yangu Délio akachora mabango mia mbili
kwa rangi ya buluu iliyobaki zizini.

Waandishi wa habari walikuja wawili;
mmoja alikuwa amepotea njia.
Mbona unajitoa? Nikawapa jibu la kukariri:
kura zisigawanyike, tumwachie mwenye nguvu.
Mwenye nguvu alikuwa amenitumia kijana wa viatu vyeupe,
akakosea jina langu mara nne,
akaniachia kofia.

Sababu yenyewe sikuwapa.
Sababu iko nje kidogo ya Mendota,
nyumbani kwa Fidelia Arriaga.
Nilibisha hodi kuomba kura. Akaniketisha.
Akaniwekea mezani bilauri ya maji,
maji rangi ya chai iliyolala,
asiseme neno.
Nikasema mimi. Dakika kumi na moja
nikamsema gavana, na ukoo wake,
na nyumba yake yenye bwawa la kuogelea,
na bilauri i kati yetu,
mchanga wake ukitua chini taratibu.
Sikuinywa. Hakunihimiza.
Nilipoinuka aliuliza jambo moja tu:
"Wewe si ndiye yule fundi?"

Wanasema maji ukiyavulia nguo
huna budi kuyaoga.
Mimi niliyavulia nguo mbele ya jimbo zima,
ndipo nikachungulia kisimani:
tope, na sauti yangu ikinirudia.
Basi nikavaa.
Aibu ya kuvaa ni ndogo, nawaambia,
kuliko ya kujipaka sabuni pakavu.

Jumanne ya kura nilikwenda kituo cha wazima moto.
Karatasi ndefu kama taulo. Nikajikuta humo,
themanini na saba, nimenyooka,
kama mtu aliyesahauliwa kwenye picha ya harusi
baada ya wageni kwenda zao.
Kiduara nilichokitia wino ni siri yangu.

Usiku wakahesabu. Watu elfu moja mia tisa na wanne
walinichagua mimi, wiki tatu baada ya kujitoa.
Akina nani hao? Wasiosoma magazeti?
Au kuna mtu huko Eureka, kwenye ukungu na miti,
aliona "fundi pampu" akasema moyoni,
huyu angalau ana kazi?
Ningewaomba radhi, lakini siwajui.
Ningewashukuru, lakini kwa lipi?
Nimekikata kile kipande cha gazeti
nikakitia kwenye droo ya spana.

Mabango, Délio ameezekea banda la kuku.
Ukiinama kuokota mayai, ukatazama juu,
unasoma BETTEN, halafu paa linaishia.

Kwa Fidelia nimeshusha bomba futi mia nne na ishirini.
Bado linakohoa mchanga.
Narudi Alhamisi.