Wategemezi

Saa tano usiku, Ngara, ghorofa ya tatu.
Jenereta ya bucha ilikuwa imenyamaza
nami nilitaka kufuta kifurushi kimoja tu,
kikongwe, sikumbuki hata nilikisakinisha lini.

Mutheu husema: usikate kabla hujajua kimeshika nini.
Basi nikaandika skripti, mistari kumi na mmoja,
amri inayojiita yenyewe,
na kila ikishuka ngazi inasogea nafasi mbili kulia.

Mti ukaota kwenye skrini nyeusi,
mzizi juu, matawi chini, kama popo aliyelala.

Hiki kinaegemea kile, kile kinaegemea vitatu,
viwili kati ya hivyo vinaegemeana
kama walevi wakirudi nyumbani.
Skripti ikazunguka, ikazunguka.
Nikaikatiza, nikaifunza kukumbuka ilikopita.

Kisha nikaligeuza swali:
si unamtegemea nani, ila nani anakutegemea.
Majina yakamwagika. Arobaini na saba.
Hata printa ya risiti, ile ya kliniki ya Kariokor.

Kumbe.
Nikaondoa kidole.

Fomu ya bima ilikuwa chini ya kibodi tangu Jumatatu,
mstari wa sita mtupu: Idadi ya wategemezi.
Wameacha kisanduku cha tarakimu moja.

Nikaigeuza karatasi, nikaandika: mimi.
Chini yake, nafasi mbili kulia:
Mama, dawa za presha.
Nyaboke, karo, muhula wa pili.
Nyaboke ana mtoto; nikasogea.
Mtoto ana paka. Nikasogea tena.
Karatasi ikaisha.