Uzi Usio na Fundo

Kijana anayenifundisha anaitwa Tymon,
miaka ishirini na minne, kikohozi cha sigara.
"Bi Wiesława," anasema, "mkono wa kulia unagusa uzi
mara moja tu. Zinazobaki ni kazi ya kushoto."

Nikacheka.
Miaka thelathini na moja, kiwanda cha nguo, hapa hapa Łódź,
ghorofa ya tatu, vumbi la pamba hadi kwenye kope:
kushoto ndiko kulikokamata uzi uliokatika,
kulia kukamtafuta mwenzake,
na kabla mashine haijalalamika zimeshaungwa.
Msimamizi akipitisha kidole hasikii kitu.
Tulilipwa kwa hicho kitu asichokisikia.

Lakini gitaa si pamba.
Kidole cha shahada kimelala, cha kati kinashuka
hapo ubavuni mwa mstari wa chuma: sauti inazaliwa.
Cha pete: inazaliwa njiti.
Cha mwisho, maskini,
kinaanguka kama mlevi kwenye barafu ya Januari,
na nota inakata roho pale pale.

"Ukitoka, usikinyanyue. Ukwanyue uzi kidogo,
kuelekea chini, kama mtu anayeondoka
asitake kuamsha waliolala."
Basi nikaondoka. Nikarudi. Nikaondoka.
Metronomu mapigo sitini. Hamsini. Arobaini.
Kwenye arobaini kila kosa hupata nafasi
ya kuvuta kiti na kuomba chai.

Na ukuta wetu ni mwembamba.
Bwana Bogumił, chumba cha pili, ikigonga saa nne
naye hugonga, kwa mpini wa ufagio.
Kwa hiyo usiku mkono wa kulia nautia mfukoni mwa aproni,
ukae humo na leso na funguo,
nacheza kwa kushoto peke yake:
shuka, kwanyua, shuka, shuka,
sauti ndogo kama ya mtu anayekumbuka,
ncha za vidole zimeota sugu upya
palepale zilipokuwa zile za zamani.

Februari yote ilikuwa vipandevipande.
Machi pia, karibu yote.

Juzi nimekutana naye ngazini,
mkononi kabichi, usoni hasira za asiyelala.
"Jirani, bomba lako linavuja.
Usiku kucha maji yanatiririka ukutani,
hayakatiki hata kidogo. Nilijaribu kuhesabu matone,
hakuna matone! Ni mtiririko mmoja tu.
Mwite mtu alitazame."

Nikashika ukuta nisianguke kwa furaha.
Kidole cha mwisho, ndani ya glavu,
kile kinachochechemea mpaka leo,
kikajikunja chenyewe.

"Samahani, Bwana Bogumił," nikamjibu.
"Fundi yuko njiani.
Ila ni mzee kidogo, anakwenda polepole."